Ukiulizwa Jina la Albamu, Litaje

Juzi usiku mmoja wetu, katika sisi tunaojiita watu wa muziki wa ajabu, alipandisha video ya sekunde 40. Chumba giza, taa ya simu, spika ndogo, na mdundo ambao sijawahi kuusikia tangu nizaliwe. Kama mashine ya kusaga mahindi imeingiwa na jini. Nikaandika chini kwa adabu kabisa: "Kaka, albamu hiyo yaitwaje?" Akanijibu na emoji ya mdomo uliofungwa zipu. Watu wakacheka, wakampa laiki.

Nimelala nayo siku tatu. Leo naitoa.

Nyinyi mnaobania majina ya albamu ni wachoyo, na uchoyo wenu unaua muziki uleule mnaosema mnaupenda. Nimemaliza utangulizi. Sasa tuongee.

Najua mtaniambia nini, manake nishaambiwa. La kwanza: "Mimi nilitafuta mwenyewe, na wewe katafute." Hebu acheni hizo. Hakuna aliyezaliwa akiijua Duma. Mimi niliisikia kwa jamaa tuliyekuwa tukilala chumba kimoja chuoni. Aliniwekea spika moja ya sikio, akaniambia nyamaza usikize. Wale jamaa wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala (na jina hilo sisi Waswahili tunajua maana yake, tusijifanye watakatifu). Makelele ya mtu anayepiga ukunga juu ya ngoma za kompyuta zinazokimbia kama zinafukuzwa. Nilidhani simu imeharibika. Wimbo wa tatu nikawa nshakuwa mtu mwingine. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini jina lile sikuliacha. Ndicho kitu nilichotoka nacho pale, na nilipewa bure.

Sasa mfikirie mtoto wa kidato cha tatu pale Msambweni. Ana data ya shilingi 20 inayokufa usiku wa manane. Ameona video yako, moyo umeruka, anataka kujua. Anasaka saa nzima kwa kubahatisha, data inakata, analala bila jina. Kesho ana mtihani, keshokutwa ameshasahau. Umempoteza msikilizaji ambaye pengine angekuwa mtengenezaji. Na wewe uko Nairobi na waifai ya nyumbani unamwambia "katafute". Umekaa kisimani unawafundisha watu kiu.

La pili: "Ikijulikana sana itaharibika." Hii ndiyo inayonichekesha zaidi. Singeli imetengenezwa Dar es Salaam, mitaani, kwa kompyuta za kuungaunga, mwendo wa mipigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 ikatoka ile mkusanyiko ya Sounds of Sisso, wakaisikia hadi Ulaya, wale vijana wakaanza kuitwa kwenye matamasha huko. Je, Dar waliacha kuicheza? Nenda Lunga Lunga leo ukae na madereva wanaovuka mpaka wakitoka Tanga, utaisikia ikitoka dirishani kama kawaida. Muziki hauishi kama sabuni.

Halafu sisi wa Diani ndio wa mwisho kudanganywa na hoja hiyo, manake tunajua hasa kilichotuumiza. Tangu Them Mushrooms watoe Jambo Bwana mwaka 1982, hoteli zote za ufuoni zimekuwa zikiipiga usiku baada ya usiku. Wimbo hauna kosa. Wale jamaa waliimba vizuri na jasho ni lao. Lakini mgeni anakaa Diani wiki mbili, anarudi kwao akiamini Pwani nzima ina wimbo mmoja, na kumbe kule Kinondo, umbali wa tuktuk tu, kuna ngoma ambazo angezisikia angekosa usingizi. Kilichotudumaza si wimbo ule kujulikana. Ni kwamba mingine yote hakuna aliyeitaja jina.

Na msiniambie muziki wa majaribio umeanza na watoto wa kompyuta. Kamuulize mama yako kuhusu Zuhura Swaleh wa Mombasa. Kwenye taarab yake mlikuwa na taishokoto, chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vibonye kama taipureta. Sijui nani wenu angethubutu. Watu wa Mombasa wakakichukua kitu cha Japani, wakakiunganisha na spika, wakakiingiza kwenye chakacha, na bibi harusi akacheza. Kaseti zile zilinakiliwa nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyemfungia mwenzake mdomo kwa zipu.

La tatu ni la maana, na nitalijibu kwa heshima: "Ukitaja, watu wa nje wataiba." Ndio, wameiba. Kuna sauti za Afrika zilizorekodiwa zikauzwa huko nje na wenyewe hawakuona hata senti. Simkatalii mtu hasira hiyo. Lakini jiulizeni, mwizi anapenda nini? Anapenda kisicho na jina. Kipande cha sekunde 40 kisicho na mtu, kisicho na mji, kisicho na mwaka, ndicho rahisi zaidi kuchukua na kutia kwenye biti yako, manake nani atakuja kudai? Jina ndiyo hati ya shamba. Na hapa Kwale hakuna haja ya kumweleza mtu yanayompata mwenye shamba lisilo na hati.

Kuna mahali pamoja tu nitakubali kufungwa mdomo. Kuna ngoma za pepo, na kuna mambo ya kaya. Kaya Kinondo iko hapa hapa kwetu, imo katika kaya za Wamijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, na ukiingia unafungwa kaniki nyeusi na unafuata anachosema mzee. Kuna sauti ambazo wenyewe hawataki zitoke, na ni haki yao kukataa. Kabla hujarekodi ngoma ya mtu, omba ruhusa. Ukikataliwa, weka simu mfukoni. Lakini wewe uliyepakua albamu ambayo mwenyewe ameiweka sokoni ili isikike, wewe si mzee wa kaya. Jikune tu.

Sasa nijiseme na mimi, manake nisipojisema mtanisema nyinyi.

Nyumbani Msambweni kulikuwa na kaseti ya babu. Upande wa kwanza wote ni sengenya, ilirekodiwa harusini na redio ya kaseti, kabla mimi sijazaliwa. Kwa asiyeijua, sengenya ni ngoma yetu Wadigo: ngoma zimepangwa safu, kila moja na sauti yake, mtu mmoja anazipiga kama anazungumza. Kuna kayamba, kuna upatu, na juu ya yote zumari inayolia bila kukata pumzi. Babu ndiye yuko kwenye ngoma. Nilipoisikiliza kwa masikio yaliyokwisha kupita kwa Duma, nilikaa chini. Wallahi hakuna kitu nilichowahi kupandisha ambacho kingeifikia.

Nikafanya nini? Nikaibania. Nilijiambia nikifika wafuasi elfu kumi ndio niitoe, liwe bomu langu, watu waulize nimelitoa wapi na mimi nicheke kimya. Nikaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Masika yakapita. Joto likapita. Hii hewa yetu ya chumvi ikafanya kazi yake. Mwaka uliofuata nilipompelekea fundi Ukunda, utepe ulikuwa umeota ukungu na kushikana. Alikaa nayo siku mbili, akaokoa dakika nne. Dakika nne, upande mzima. Babu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mpiga zumari pia. Hakuna wa kumwambia apige tena.

Nakala ya pili haikuwepo, na haikuwepo kwa sababu yangu. Ningeipandisha siku ile ya kwanza, leo ingekuwa kwenye simu za watu hata mia. Mimi nilitaka kuonekana mjuzi.

Zile dakika nne nilizipandisha usiku uleule, bila picha ya maana, nikaandika tu: sengenya, harusi, Msambweni, kwenye ngoma ni babu yangu, upatu simjui. Baada ya wiki mbili akaniandikia kijana anayefanya kazi ya ulinzi Doha. Aliye kwenye upatu ni babu yake, mtu wa Vanga. Alimtambua kwa yowe analopiga katikati ya mdundo. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mzee azikwe, na ameisikia akiwa lindo la usiku, Qatar, na simu mkononi. Jina la yule mzee sasa liko chini ya video. Kabla ya hapo halikuwa limeandikwa popote kwamba alipiga upatu.

Kwa hiyo msiniambie kutaja jina ni jambo dogo.

Mtazameni KMRU. Kule nje wanamwita mmoja wa wakali wa muziki wa sauti tupu, ule usio na ngoma wala mwimbaji, na albamu yake Peel ya 2020 ilitolewa na Editions Mego ya Ulaya. Angeweza kukaa na sifa zake. Lakini jina lake halisi ni Joseph Kamaru, sawa na la babu yake, yule mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, na mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu kwenye Bandcamp, moja baada ya nyingine, zenye jina, zenye bei. Huyo ndiye mjukuu. Mimi nilikuwa na kopo la biskuti.

Basi kuanzia leo kwenye ukurasa wangu, kila nikipandisha kitu naandika mambo manne: jina la albamu, aliyeitengeneza, alikotoka, na pa kuinunua. Na tunaponunua tununue kweli. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kuna Ijumaa wanazotangaza kuwa hawakati kitu. Kama una mia tatu ya kuchoma, ichome siku hiyo.

Naanza mimi, nyinyi mfuate hapo chini:

Duma, "Duma". Nairobi, 2020. Usisikize ukiwa umetoka kula.

"Sounds of Sisso". Mkusanyiko wa singeli, Dar es Salaam, 2017. Usisikize ukiwa juu ya boda, utaanguka.

KMRU, "Peel". 2020. Nenda Galu maji yakiwa yamekupwa, kaa peke yako, weka spika za masikio.

Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party, "Jino la Pembe". Mombasa. Sikiza na mama. Yeye ndiye atakueleza mafumbo, wewe utamuonyesha taishokoto iko wapi.

Sengenya ya harusi, Msambweni. Dakika nne. Haiuzwi. Nakili, mpe mwenzio, na kama kwenu kuna kaseti ndani ya kopo, ipeleke kwa fundi wiki hii, kabla ya mvua.

Na wewe wa zipu, bado nasubiri jina.