Kiongozi kwenye mto wa chemchemi si gharama ya bure

Mwandishi, katika makala yako umeusifu vizuri mto Ichetucknee wa Florida, lakini hapo uliposema hakuna haja ya kiongozi wa watalii kwa kuwa maji ni maangavu na hayana kasi, sikubaliani nawe. Maji hayo hububujika kutoka kwenye mawe ya chokaa yakiwa na takriban nyuzi 22 za Selsiasi mwaka mzima, ndiyo maana nguva hukimbilia mito ya chemchemi bahari inapopoa. Uangavu huohuo humshawishi mgeni ashuke kwenye ubao wake wa kupigia kasia asimame chini, na nyasi za majini zikikanyagwa hung'oka, tope likatibuka. Kiongozi mzuri humfundisha mtu kupiga magoti ubaoni penye kina kifupi na kumpisha nguva bila kumfuata. Msomaji mwingine aliyechangia maoni anasema adui halisi ni nitrati kutoka mbolea na mashimo ya vyoo. Ni kweli kabisa. Jimbo limeweka kikomo cha miligramu 0.35 kwa lita, na chemchemi nyingi zimekivuka. Lakini nyasi zilizokwisha kusongwa na mwani unaostawishwa na nitrati hiyo ndizo zisizostahimili miguu yetu. Tena nitrati iliyokwisha kuzama ardhini itaendelea kutoka kwa miaka mingi hata mbolea ikipunguzwa, ilhali kuacha kukanyaga kunawezekana leo.