Utulivu wa Sezibwa ni Wajibu Wetu

Ndugu mwanafunzi, mashariki ya Kampala, si mbali na barabara iendayo Jinja, yapo maporomoko ya Sezibwa. Masimulizi ya Waganda yanaeleza kuwa mto huu ni mmoja wa mapacha aliowazaa Nakangu wakiwa maji. Ndiyo maana mapangoni na miambani pale utawakuta watu wakinong'ona dua zao.

Wapo wageni wafikao na vipaza sauti na kuacha chupa za plastiki majini, kwa hoja kwamba imani ile si yao. Hoja hiyo ni dhaifu. Hulazimiki kuiamini hadithi ya Nakangu ili umstahi anayeiamini. Na maji hayaulizi dini ya mtu. Mto huo huteremka kaskazini hadi Ziwa Kyoga, na utupacho hapa chaweza kumfikia mwingine huko. Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 imempa kila Mganda haki ya mazingira safi. Ibara ya 17 imemtwika wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu ni chanda na pete.

Basi uendapo, punguza sauti, yasikilize maji, na taka zako urudi nazo. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Taka hazimponyi mwenyeji yeyote.