Mjaribu Michezo Halipwi kwa Kucheza

Kazi ya kujaribu michezo ya video, yaani michezo ya kielektroniki ambayo vijana wenyewe huiita gemu, huwavutia wengi kwa sababu isiyo ya kweli, kwa kuwa hudhaniwa kwamba mwajiri humlipa mtu ili aketi kitini, acheze apendavyo, kisha mwisho wa mwezi apokee ujira. Dhana hiyo haina budi kuondolewa mapema, kwani anayeingia kazini akiwa nayo huchoka kabla hajaanza kuwa na manufaa.

Kinachonunuliwa na kampuni ni ripoti ya mjaribu, wala si uhodari wake wa kucheza. Mjaribu hupewa mchezo ambao haujakamilika, akaamriwa kutafuta hitilafu, yaani kasoro zilizojificha katika programu, ambazo huufanya mchezo ugande, upoteze kumbukumbu za mchezaji, au umwache apenye ukuta kana kwamba ni moshi. Akiipata hitilafu moja, hapo ndipo kazi inapoanza, maana hupaswa kuirudia mara kadhaa mpaka ajue ni hatua zipi hasa zinazoileta, kisha aziandike kwa mfuatano, akitaja toleo la mchezo, aina ya mashine, jambo lililotarajiwa na lililotokea, ili mwandishi wa programu aliye mbali naye aweze kuiona kasoro ileile kwa macho yake. Ripoti isemayo tu kwamba mchezo umeharibika haina thamani hata ya senti moja. Tena, hitilafu ikisharekebishwa, mjaribu hurudi kupima hata sehemu zilizokuwa nzima, kwa sababu kiraka kinachobandikwa hapa huweza kupasua pale. Hivyo mtu huweza kushinda kutwa akipita mlango mmoja wa mchezo, akiingia na kutoka, na mlango ni uleule.

Tofauti baina ya mchezaji na mjaribu hudhihirika katika Pac-Man, mchezo uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980. Namba ya ngazi aliyofikia mchezaji ilihifadhiwa katika baiti moja, yaani kipimo kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta ambacho hakiwezi kubeba namba inayozidi 255. Kwa hiyo mchezaji hodari anapofika ngazi ya 256, nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na alama zilizovurugika, na ngazi hiyo haiwezi kukamilishwa. Mchezaji hujivunia kwamba amefika huko. Mjaribu angeuliza tangu siku ya kwanza kuna nini baada ya 255, na swali hilo, ambalo halina raha yoyote ndani yake, ndilo linalostahili mshahara.

Mshahara wenyewe, hata hivyo, haukuja kwa hisani. Huko Marekani, wajaribu wengi waliajiriwa kwa mikataba ya muda, na Desemba 2021, kampuni ya michezo ya Raven Software ya jimbo la Wisconsin, iliyokuwa chini ya kampuni ya Activision, ilipotangaza kuwaachisha kazi wajaribu 12, wenzao waligoma. Aprili 2022 Activision ilitangaza kuwapa ajira ya kudumu wajaribu wapatao 1,100, kwa kima cha chini cha dola 20 kwa saa, lakini wale wa Raven hawakuingizwa katika nyongeza hiyo, kampuni ikidai kwamba sheria ya kazi haikuiruhusu kwa kuwa walikuwa katika harakati za kuunda chama cha wafanyakazi. Mwezi uliofuata walipiga kura, 19 wakikikubali chama na 3 wakikikataa. Wenye kuiita kazi hii mchezo wa watoto wangefaa kuzitafakari kura hizo.

Kwa kuwa kiu ya kazi hii ni kubwa, matapeli nao hawakosekani. Anayemtaka kijana atume kwanza ada ya usajili, ya mafunzo au ya orodha ya waajiri, na aepukwe bila mjadala, kwa maana mwajiri wa kweli hutoa fedha, hachukui. Mwenye kutaka kujifunza hakosi pa kuanzia: ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji wa programu iliyoanzishwa mwaka 2002, huweka mitaala yake wazi kwenye intaneti bila malipo, ingawa mtihani wenyewe hulipiwa, na kampuni nyingi hutoa matoleo ya beta, yaani matoleo ya majaribio yanayofunguliwa kwa umma kabla ya mchezo kukamilika, ambamo yeyote huweza kuzoeza jicho lake, japo aghalabu bila malipo.

Basi kijana anayeitamani kazi hii na auchukue mchezo mmoja uliomo katika simu yake, atafute kasoro moja tu, aiandike hatua kwa hatua, kisha ampe ripoti hiyo mtu ambaye hajapata kuucheza mchezo huo. Mtu huyo akizifuata hatua hizo na asiione kasoro, ripoti na iandikwe upya.