Mzee Anaposema "Mimi Mzima"

Wananchi wenzangu wa Mwera, nanyi wa Bweni, Kipumbwi, Pangani mjini mpaka Tanga, leo naomba tuzungumze habari za wazee wetu.

Bibi kabandika wali, katoka uani, kasahau. Sufuria imeungua, imekuwa nyeusi tii. Mjukuu anamwambia, "Bibi, umeunguza tena." Bibi anashangaa: "Mimi? Leo sijapika. Mimi mzima, msinisingizie." Kesho yake pesa alizozifunga kwenye pindo la kanga hazionekani, anasema mkwe kazichukua. Jioni zinakutwa ndani ya debe la mchele, alikoziweka mwenyewe.

Je, bibi huyu ni mwongo? Ni mkaidi? Hapana, ndugu zangu. Anasema anachokijua.

Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia, huharibu ubongo kidogo kidogo. Mara nyingi hufika hata kwenye zile sehemu zinazomwezesha mtu kujipima mwenyewe na kujua kwamba hapa nimekosea. Zikishaharibika, atajijuaje? Na kosa asilolikumbuka, atalikiri vipi? Mwaka 1914, huko Paris, daktari Joseph Babinski alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili na wasijue kabisa kwamba wamepooza. Ikiwa mtu anaweza asijue kwamba mkono wake haunyanyuki, tushangae nini asipojua kwamba anasahau?

Wala si ugonjwa wa nchi za mbali. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwafikia wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takribani 6 katika kila 100 walikuwa nao.

Sisi watu wa pwani tuna jambo moja linaloficha ugonjwa huu: salamu zetu. Mgeni akibisha hodi, mzee atamkaribisha vizuri, atamuuliza hali, watoto, wa nyumbani, shamba, mvua. Maneno hayo kayasema tangu utotoni, ndiyo ya mwisho kumtoka. Mgeni anaondoka akisema, "Mbona mzee yuko vizuri?" Na binti anayelala naye chumba kimoja, anayeamshwa saa nane za usiku na mzee anayetaka kwenda shamba, anaonekana anamsingizia baba yake. Tafadhali, tumsikilize binti huyo.

Tufanyeje basi nyumbani? Kwanza, tusibishane. Ukimwambia mara kumi kwamba anaumwa, kila mara kwake ni tusi jipya. Akisema pesa zimeibiwa, mwambie, "Pole bibi, hebu tuzitafute wote." Jikoni usimwondoe. Kaa naye, yeye achambue mchele, wewe uangalie moto.

Akikataa hospitali, mwambie, "Baba, twende tukapime presha." Huko si kumdanganya. Presha na kisukari huharibu mishipa ya ubongo, na ni kweli vitapimwa. Mkifika zahanati, au mkivuka mto hadi hospitali ya wilaya Pangani, omba kuongea na mganga pembeni. Akiulizwa, mzee atajibu hajambo kabisa. Wewe ndiye utakayeeleza imeanza lini, nini kimebadilika, na anatumia dawa gani. Beba na pakiti zake, maana dawa nyingine zenyewe huvuruga akili. Hata sonona, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo au maambukizi huweza kumfanya mtu aonekane kachanganyikiwa, na hayo yana tiba. Kwa nini tuseme "ni uzee tu" kabla hajapimwa?

Na kazini je? Wewe wa bodaboda, mzee akikwambia umpeleke kwao, na unajua kwao ni hapa hapa, mrudishe taratibu, mkipiga soga njiani. Wakala wa pesa, bibi akija kutoa mara ya tatu siku hiyo hiyo, mwombe asubiri kidogo umpigie mwanawe. Mwenyekiti wa kijiji, mzee akitaka kuuza shamba la minazi, nawe jana ulimsikia akiuliza shamba hilo ni la nani, waite watoto wake kabla ya kupiga muhuri. Na tukimkuta mmoja wao nje usiku, amesimama kwenye mlango usio wake, tumuulize kama kapotea, tumshike mkono tumrudishe kwao. Neno uchawi lisitutoke.

Kwako unapoishi, nani anamtunza mzee wa namna hii? Anapata usingizi? Alhamisi hii alasiri nenda ukakae na mzee saa mbili tatu, msalimiane, akusimulie ya zamani hata kama umeshayasikia, na mtunzaji wake apate kulala.