Kufuli Linalomfungia Nje Mwenye Mali

Jamani, leo niseme lililonikaa rohoni. Nilikuwa Garsen na laptop yangu, narekodi ngoma kwa programu ya muziki niliyoilipia. Mto Tana ukafurika, mtandao ukakatika. Nafungua programu, inadai intaneti ili ithibitishe leseni. Kazi ikalala! Mwenye nakala ya wizi yeye anaendelea kama kawaida, kwa kuwa kufuli lake lilishavunjwa zamani.

Sasa niambieni, kufuli hili linamzuia nani? Mimi pia naandika programu, ndiyo kazi inayonilisha. Siutetei wizi. Lakini ulichonunua kikitegemea mtambo wa ng'ambo, siku ukizimwa huna kitu. Adobe ilipozima seva za kuthibitishia CS2, habari iliyovuma Januari 2013, ilibidi iwape wateja toleo lisilohitaji kuthibitishwa. Nawe ukithubutu kuvunja kufuli mwenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakukataza.

Kichekesho ni hiki: wimbo wetu wa taifa wa 1963 ulitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa mto huu huu. Wao hawakuutia kufuli. Leo wajukuu wao waombe kibali ng'ambo ndipo warekodi nyimbo zao?

Waandishi wa programu wenzangu, dawa ipo. Toeni faili ya leseni yenye sahihi ya kidijitali, ikaguliwe ndani ya kompyuta yenyewe, bila mtandao. Mwizi atavunja tu. Aliyelipa msimwadhibu.