Dawa ya macho ya jirani karibu iniharibie macho

Mapema 2024, macho mekundu yalipovuma kule Mombasa kisha yakatufikia Nairobi, kwa ploti yetu kila mtu alikuwa daktari. Jirani alinipa kichupa chake. Matone mawili kila jicho, asubuhi macho meupe pe! Sikukirudisha.

Shida yangu ni mzio. Vumbi kidogo tu, macho yanawasha, na mimi kazi yangu ni simu na kompyuta usiku kucha. Kwa hivyo yakiwasha, natia. Kichupa kikiisha naenda duka la dawa hapo steji, naonyesha kile kitupu, nauziwa kingine. Hakuna siku niliulizwa cheti cha daktari. Miezi minane hivyo.

Halafu nikaenda kupimiwa miwani. Miwani tu, wasee! Presha ya macho ikasoma 34, na kawaida haifai kupita 21. Daktari akaniuliza, "Kijana, unatia nini machoni?" Nikatoa kichupa mfukoni. Akanionyesha neno ambalo sikuwahi kulisoma: deksamethasoni. Hiyo ni steroidi.

Steroidi inatuliza wekundu na mwasho haraka, ndiyo maana tunaipenda. Lakini ukiitumia wiki nyingi bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo inaua mshipa unaopeleka picha kwa ubongo. Hauumi. Hujui. Ukishapoteza uwezo wa kuona kwa njia hiyo, haurudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, ule ugonjwa tunadhani ni wa kina nyanya. Na kama jicho lina kidonda au virusi fulani, steroidi inauchochea ugonjwa huku wewe ukiona wekundu umepungua.

Sisemi dawa ni mbaya. Kuna watu wameandikiwa na daktari, hao wasiiache ghafla kwa sababu mimi nimeandika hapa. Warudi wakapimwe presha. Ninayemlaumu ni muuzaji anayeitoa kama peremende, na sisi tunaoazimana kichupa ambacho ncha yake imegusa macho ya watu watano. Vichupa vingi hata vinafaa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa. Changu cha kwanza sijui kilifunguliwa lini.

Presha yangu imeshuka, ila bado naenda kupimwa. Juzi jirani alibisha akiulizia ile dawa, macho ya mtoto wake yanawasha. Nikamwambia avae viatu twende kliniki.