Kushindwa kwenye sataranji si kunyang'anywa

Kijana ananunua mega kwa franka alizobakiza baada ya kulipia moto wa simu. Anafungua mchezo wa sataranji, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa échecs, na anapewa mpinzani asiyemjua. Kila mmoja ana dakika 10. Baada ya muda kidogo malkia wa mpinzani ameliwa na mfalme wake amebaki bila ulinzi. Hapo mpinzani ananyamaza. Hachezi, hakubali kushindwa, hatoki. Anaacha saa itembee, akitumaini kwamba mwenzake atachoka ao simu yake itazimika.

Huo si ujanja. Ni wizi wa wakati, na kwa familia zilizokimbia vita, ni wizi wa franka pia.

Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kukubali mapema. Anayepigana mpaka mfalme wake afungwe anacheza vizuri, kwani hata mwenye kuongoza anaweza kukosea. Kosa ni kukaa bila kucheza ili kumuazibu aliyekushinda.

Wengine wanatumia matusi: « Mwizi! Ulisaidiwa na kompyuta! » Ni kweli, wezi wapo. Mmarekani Hans Niemann alikubali mwaka 2022 kwamba aliwahi kudanganya kwenye intaneti alipokuwa angali mdogo. Lakini mambo ya Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wakati ule, yanafundisha. Mwezi wa kenda 2022 alishindwa na Niemann ana kwa ana mjini Saint Louis, Marekani, kisha akajitoa kwenye mashindano. Siku 15 baada ya kushindwa, walikutana kwenye intaneti. Carlsen alisogeza kete moja tu, akaacha mchezo. Niemann alikana kwamba alidanganya Saint Louis. Mwaka 2023, tume ya nidhamu ya shirikisho la dunia, FIDE, haikumtia Carlsen hatiani kwa tuhuma zake. Ilimtoza faini ya euro 10 000 kwa kujitoa bila sababu halali. Ikiwa bingwa hakuachiliwa, mchezaji wa kambini atajitetea na nini? Mwenye mashaka apeleke ripoti kwa wenye mchezo, wao wachunguze.

Wapo wanaojibu kwamba watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao wamekwisha kushindwa vya kutosha, na haifai kuwafundisha tena kukubali. Maneno hayo yanagusa roho, lakini yanachanganya mambo mawili. Aliyefukuzwa na bunduki hakushindwa, alinyang'anywa. Hakukuwa kanuni wala saa, na hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia akubali. Kwenye ubao ni tofauti: kila mmoja ana kete 16 na dakika sawa, na kesho mchezo unaanza upya. Mtoto asiyeonyeshwa tofauti hiyo atamuona kila anayemshinda kuwa adui, hata jirani wa hema la pili.

Anayeshindwa aandike « mchezo mzuri », kisha atazame alipokosea. Kwenye Lichess kompyuta inamuonyesha makosa yake bure, mchezo ukiisha. Anayeshinda naye asicheke. Malkia wake anaweza kuliwa kesho.